Backup yangu ya Linux ilinakili utupu, rekodi ya marehemu baba ikaenda nayo

Wakuu, salamu kutoka Katubuka, Kigoma.

Rekodi pekee ya marehemu baba akitaja alikozaliwa imefutwa na programu niliyoiweka mwenyewe ili isipotee. Naeleza kama ilivyokuwa, chumvi sijaongeza.

Nirudi nyuma kidogo.

Wazazi wangu walitoka Burundi kila mmoja kwa njia yake, wakakutana huku. Mama hajawahi kukanyaga kwao baba. Baba alipoanza kuzidiwa nilimrekodi kwenye simu, kama dakika arobaini, kwa Kirundi. Alitaja kilima alichozaliwa, wadogo zake wawili aliowaacha, na mtu wa kuulizia tukifika.

Kirundi changu ni cha kuokoteza. Nikajisemea nitaisikiliza vizuri siku nyingine, nikiwa na Mama.

Simu ikajaa. Kipindi hicho Linux ilikuwa imenikolea. Nilikuwa na desktop ya mtumba niliyoigeuza seva ya nyumbani, maana sikutaka vitu vya familia vikae kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Nikahamishia rekodi huko, kwenye simu nikafuta.

Mdogo wangu Eliya alinicheka: "Kaka, eti seva! Hilo si deki la zamani tu?"

Nikamjibu lina diski mbili, moja ikifa nyingine ipo. Nilijiona msomi.

Kila siku saa saba mchana diski ya pili ilinakili ya kwanza. Ili kuokoa nafasi, niliiagiza hivi: kisichokuwepo kwenye ya kwanza, kifutwe na kwenye ya pili.

Sasa mnaoishi huku mnazijua radi zetu. Wingu likikaa vibaya upande wa ziwani, nyumba nzima ni kuchomoa: tivii, friji, chaja. Mama hana habari ya kuzima, anachomoa ukutani. Nilimwomba ile mashine aiache.

"Radi inapiga, nikuachie kidude chako kituchome wote?"

"Mama, kile kinazimwa kwa utaratibu."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi. "Utaratibu huo kamwambie radi."

Tukacheka. Ningenunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, wiki ile ile, uzi huu usingekuwepo.

Nilikuwa Kasulu kikazi mvua iliponyesha. Mama akachomoa, ilipokatika akarudisha plagi. Mashine ikawaka, ila diski ya kwanza haikushika, mashine haikuiona, folder lake likabaki tupu.

Saa saba ikafika. Programu ikakuta utupu, ikatii agizo langu, ikaifuta diski ya pili yote. Haikulalamika. Nilivyorudi nikafungua log, daftari lake la kazi, imeandika kazi imekamilika.

Diski ya kwanza sasa inagonga tu ndani, haisomeki. Ya pili niliichomoa haraka nisiandike kitu juu yake, nikaipitishia programu ya kufufua faili. Zimerudi faili za sauti zaidi ya mia saba, hazina majina, nyingi ni vipande.

Nasikiliza moja moja nikitoka kazini. Kwaya. Mahubiri. Shangazi wa mtu anamsuta mtu kuhusu sufuria za harusi.

Baba nimempata mara moja. Sekunde kumi na moja. Ananiambia nisubiri, nimletee maji kwanza. Kipande kinaishia hapo.

Mama hajui bado kwamba rekodi imefutika; na kwamba ile plagi inahusika, kwangu hatalisikia. Aliyeandika lile agizo ni mimi.

Nilichojifunza: diski mbili kwenye kasha moja, moja ikiiga kila kitu cha mwenzake, hiyo si backup. Kopi nyingine iwe nyumba nyingine, na programu ihakikishe kwanza diski imeshika. Na mzazi akikutajia majina, yaandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Aliyewahi kuunganisha vipande vya faili la sauti la simu, naomba aniambie alitumia nini. Hata matusi nayapokea, ila yaje na jina la programu.

Zimebaki faili mia mbili na kitu. Mama ameshafua kitenge cha safari, na asubuhi hii ameniuliza tunaondoka lini kwenda kuwatafuta wadogo zake baba. Nimemwambia nasubiri ruhusa kazini.

Ruhusa ilitoka Jumatatu.