Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Nimeaibika mbele za watu mara nyingi, sikatai, lakini aibu ya nyumbani kwa wakwe zangu kule Kabras bado inanipandisha hasira hata nikiwa napiga mswaki, na kila nikitafuta wa kumlaumu najikuta mwenyewe.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kakamega mjini. Jumamosi moja asubuhi baba mkwe akanipigia simu: gari lake linajifunga milango lenyewe, na wao wana harusi Shianda. Nikafika na mashine yangu ya kusoma hitilafu, nikaichomeka chini ya usukani, wazee wakanizunguka, na mashine ikasema waziwazi: mlango wa nyuma kushoto, mawasiliano yamekatika. Fundi mwenye akili hapo anafungua mlango, anatafuta waya. Mimi nikaona nikianza kubandua vitu watadhani nabahatisha (na ingokho, kuku wa kienyeji wa wageni, ilikuwa inanukia jikoni), nikabonyeza kitufe cha kufuta ujumbe wa hitilafu. Taa ya dashibodi ikazima. Wakapiga makofi! Watu wazima, wanapigia makofi taa iliyozimika!

"Mkwe, hebu washa tuone," baba mkwe akasema.

Sasa, kwetu mwanamume hakaribiani na mama mkwe. Humsalimu kwa mbali, macho chini. Na mimi, kwa heshima yangu hiyo, niliingia macho chini, nikafunga mlango, nikawasha, na milango yote minne ikajifunga, ka! Honi ikaanza kulia. Navuta komeo, wapi. Vioo navyo vimegoma. Ndipo nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Mama mkwe, kitambaa cha harusi kichwani, alikuwa keshaketi!

Nje, baba mkwe anabonyeza rimoti bure. Shemeji yangu, badala ya kusaidia, anachukua video (mpaka leo simsemeshi vizuri). Wanawake wanapiga kelele, "Uuwi! Mkwe na mama gari moja!"

"Mkwe," mama akasema, uso ameugeuzia dirishani, "hiyo mashine iriona nini?"

"Mlango wa nyuma, mama. Huo ulio kando yako."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilifuta."

"Ukifuta, mlango unaponanga ugonjwa wake?"

Nikatoa bisibisi mfukoni, nikapanda juu ya viti makalio hewani, nikapiga magoti kando ya viatu vyake, nikabandua ubao wa mlango, na waya huo hapo, umekatika nyuma ya kitasa. Kuuunga, dakika tano. Dakika tano tu, jamani! Milango ikafunguka, na wazee wakaniambia nilete kondoo wa kuondoa aibu.

Siku hizi mteja akisema nizime taa tu, namrudishia ufunguo wake. Na huko Kabras, mama mkwe hapandi gari lolote nikiwepo kabla hajauliza, kutoka kule mbali aliposimama, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Hii imetengenezwa, ama imefutwa?"