Ubao wa Mama Mudogo

Mama mudogo alirudi Bukavu baada ya miaka mingi katika nchi ya theluji, ambako kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Ni dada mudogo wa mama yangu, na wakati huo alikaribia miaka sitini. Tangu afike alikuwa anakaa dirishani, anaangalia ziwa, hasemi mengi. Mama alininong'onezea kwamba kule dada yake alikuwa anaota Bukavu, na sasa amefika Bukavu anaota kule.

Asubuhi moja alikuja kwenye atelie yangu ya viatu, hapa Ibanda, akalaza mezani ubao mrefu uliopinda juu ncha zote mbili. Ulikuwa wa kutelezea kwenye theluji. Vifungo vya miguu alikuwa amevitoa kwa ajili ya safari, vikawa ndani ya mfuko pamoja na visi zake, skrubu za kuvikazia.

"Wewe unajua miguu ya watu," aliniambia. "Unifungie hivi."

Sikuwa nimewahi kugusa theluji. Alinifundisha polepole. Alinipa mgongo, akaniomba nimsukume bila kumwambia ni saa gani nitasukuma. Nilipomsukuma, mguu wa kushoto ulitangulia. Basi huo ndio ungekaa mbele. Nikapima nafasi ya kati ya miguu sawa na mabega yake. Katikati ya kila kifungo mulikuwa na kisahani chenye meno. Ukikizungusha, mguu unaelekea upande unaotaka. Nikaweka visi nne nne, nikazikaza kidogo kidogo kwa kupishana, ili kifungo kisikae upande.

Ugumu ulikuwa mguu wa kulia. Aliwahi kuvunjika kifundo, na tangu hapo mguu ule ulitazama nje. Niliuona kwenye soli yake iliyolika upande mmoja. Yeye alitaka kifungo kinyooke kama zamani.

"Mama mudogo," nilimwambia, "tufuate mguu vile iko leo."

Alipitisha kidole kwenye meno ya kile kisahani. Kisha yeye mwenyewe akakizungusha nje. Alivaa viatu vyake vizito vya theluji, nikamkaza mikanda, akasimama juu ya ubao katikati ya vipande vya ngozi, macho ameyafumba, magoti yakikunjika na kunyooka. Pikipiki zilipita nje. Nilimtazama mpaka nikahisi sakafu yenyewe inashuka taratibu, na sisi wawili juu yake, kuelekea ziwani.

Jumamosi tulipanda hadi Miti, kijiji walikozaliwa yeye na mama, ajaribu ubao kwenye majani ya malisho. Hatujafika juu ya kilima mvua ya mawe ikatukuta. Tulijibanza chini ya kibanda cha ng'ombe, masikio yamejaa mlio. Ilipokatika, kilima chote kilikuwa cheupe na moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka ardhini. Mama mudogo alikaa chini akaingiza miguu kwenye vifungo.

Mara ya kwanza alisimama baada ya hatua chache, akasema kisigino kinanyanyuka. Nikapiga magoti kwenye barafu, vidole vimekufa ganzi, nikauvuta mkanda wa kulia, nao una meno yake, meno mawili zaidi. Akaenda. Alikwenda bila sauti, mwili umeinama, akikata kushoto, akikata kulia, na nyuma yake mstari wa kijani ukafunguka kwenye weupe. Sikumbuki kama nilipumua. Chini kabisa alianguka, akabaki amekaa, ameshika konzi ya mawe ya mvua shavuni, machozi yanamtoka.

Nilipomfikia, tulimsikia mtu analia kando. Maman mmoja, mwanamke wa hapo kijijini, alikuwa amesimama kwenye shamba lake la maharage. Majani yalikuwa yamechanikachanika, mengine yamelala ndani ya barafu. Mama mudogo alimtazama, akaniomba nimfungue upesi.

Alimwamkia kwa Mashi, lugha ya kwao, ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwake tangu arudi. Alimpa pole na kumuuliza ni mistari gani bado inaweza kupona. Yule maman alijifuta uso akaonyesha ya upande wa migomba. Tuliinama wote watatu, tukaondoa barafu kwa mikono na kuinua mashina moja moja, tukiyafunga kwenye vijiti. Weupe uliyeyuka polepole miguuni petu, ukawa maji. Jua lilipotoka, yule maman alikuwa ameshaanza kumuuliza mama mudogo yeye ni mutoto wa nani, na mama mudogo alikuwa anamjibu, habari baada ya habari, mikono ndani ya udongo.