Jino la Akkamma

Akkamma hajawahi kuomba radhi kwa jambo ambalo hakulikosea, na kwa sababu hiyo watu wengi kanisani kwetu humwona mgumu. Mimi namjua tangu tukiwa wasichana wa kuokota mbegu za miti ya mpira, kwa hiyo nasema kwa uhakika: ni mgumu kweli. Namshukuru Mungu kwa ugumu huo, maana sisi tulio laini ndio tulioinamisha vichwa siku ile.

Nyumba yake iko ng'ambo ya mto Pampa, juu kidogo ya barabara. Ukiingia, kitu cha kwanza kukiona ni sari nyeupe imetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Huifua kila Jumamosi, huitia maji ya mchele hadi ikakamae, huipiga pasi ya mkaa, kisha huirudisha msumarini. Chini yake kuna ndala, ncha zikielekea nje. Bwana akirudi kutoka mbinguni, Akkamma hataki kuwa mtu wa kutafuta kiatu.

Sukumaran, mwenye kibanda cha chai, si Mkristo na hana haraka ya kwenda popote. Kila Jumatatu humwita Chechi, yaani dada, na kumchokoza Akkamma anapopita na kisu chake cha kugemea mpira.

"Chechi, leo tena bado upo? Au Bwana wako kakwama kwenye foleni mjini Kottayam?"

"Wewe chemsha chai, Sukumaran. Siku akija hutaniona hata kisigino."

"Basi lipa kabisa chai ya leo, usije ukapaa nayo."

Hucheka wote wawili, na hapo ndipo jino huonekana: upande wa kushoto, juu, la dhahabu tupu. Sasa nieleze kwa nini jino hilo lilikuwa balaa.

Sisi tuliobatizwa mtoni hatuvai dhahabu. Si hereni, si bangili, si kidani cha ndoa. Bibi arusi wetu huingia kanisani shingo tupu, na jamaa wa makanisa ya kale hutucheka mpaka wachoke. Ndiyo alama yetu. Mtu akivaa dhahabu, Jumapili ya Meza ya Bwana hapewi mkate. Huketi mkeka wa nyuma na watoto. Na Akkamma kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kuikosa Meza hata mwezi mmoja. Hata Kuwaiti alikofanya kazi aliila, katika chumba cha dereva mmoja wa kwetu, siku ya Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko kule. Kwake, kuikosa ni sawa na kuitoa ile sari msumarini. "Parapanda ikilia kabla ya mwezi ujao," huniambia, "nitakuwa nimesimama wapi?"

Mchungaji wetu wa zamani, Pasta Kuruvilla, alipoliona jino mara ya kwanza aliuliza swali moja tu.

"Linatafuna?"

"Linatafuna, Pasta."

"Basi tafuna."

Yakaisha. Lakini Pasta Kuruvilla alistaafu, akaletwa kijana, Pasta Binoy, mwembamba, mwenye sauti nzuri na woga mwingi. Woga wake ulikuwa na jina: Chackochan. Huyu ni mzee wetu wa kanisa aliyerudi kutoka Ghuba. Ndiye aliyetuezekea paa, na hupenda paa hilo likumbukwe.

Chackochan alimwoza binti yake mwezi wa tano. Shingoni mwa msichana hapakuwa na kitu, haleluya. Sari yake, hata hivyo, ilikuwa na nyuzi za dhahabu kuanzia begani mpaka ilipoburuzika sakafuni, macho yetu yakauma. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Akkamma akasimama.

"Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa ajili ya bibi arusi wetu. Shingoni hakuvaa dhahabu hata punje. Alijifunga nayo tu mwilini, mita sita."

Upande wa wanawake tuliziba midomo kwa ncha za sari. Upande wa wanaume Chackochan hakucheka, na wiki mbili baadaye Pasta Binoy akaja nyumbani kwa Akkamma, Chackochan akiwa nyuma yake. Mimi nilikuwepo, tunamenya mihogo.

"Mama," Pasta alianza, macho yakiwa kwenye maganda, "ndugu wengine wamekwazika. Kuhusu... hilo la kinywani."

"Jino?"

"Dhahabu, mama. Tunatakiwa tuonekane tofauti. Kama unaweza kulitoa kabla ya Jumapili ya Meza, vizuri. Kama sivyo, nitashindwa kukupa mkate."

Akkamma akamtazama Chackochan, akamwita kwa heshima ya kaka. "Na hiyo mkononi mwako, Achaya?"

Chackochan akaitazama saa yake inayong'aa kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Saa ni kifaa. Si pambo."

"Aa. Kumbe mimi hili nimelivaa nilitembeze. Wewe kifaa chako kinakuonyesha saa ngapi, mimi changu kinasaga muhogo. Nani ana shida zaidi?"

"Unaona, Pasta?" Chackochan alisema. "Ulimi wa mama huyu!"

"Ulimi hauna dhahabu, uacheni."

Walipoondoka nilimshika mkono. Nilikuwa nimekasirika, maana mimi najua pengo lile lililozibwa na dhahabu lilitoka wapi. "Chechi, waambie. Sentensi moja tu, watanyamaza."

"Siwaambii."

"Kwa nini?"

"Baba yangu amekufa, Pennamma. Hawezi kusimama kujitetea. Mimi nimsimamishe mbele ya kanisa ili nipate kipande cha mkate?"

Nilikuwa nimeapa kunyamaza tangu tukiwa na miaka ishirini. Siku ile tulitoka mtoni sote wawili, nguo nyeupe zinachuruzika, tumebatizwa upya. Baba yake, mzee Ouseph, alikuwa mkubwa katika kanisa la kale, na yeye ndiye aliyembeba Akkamma mchanga kwenda kubatizwa. Asubuhi hiyo alikuta hereni za binti yake mezani, kando ya chai. Alitukuta njiani. Alimpiga kwa mpini wa mwavuli, mara moja, mdomoni. Jino likaanguka kwenye changarawe. Akkamma alitema damu kwenye nguo ya ubatizo, akasema, "Baba, dhahabu nimekuachia mezani. Sikuiba kitu."

Baada ya miaka mitatu mzee alikuja kwake na fenesi begani, akaketi barazani, akalia bila kusema kwa nini. Akkamma akampikia samaki, wakala. Tangu siku hiyo, ukimuuliza Akkamma habari ya pengo, husema aliteleza kwenye mawe ya mto.

Dhahabu yenyewe ilitoka kwa bibi mmoja wa Kuwaiti, aliyepooza, ambaye Akkamma alimlisha kwa kijiko miaka tisa. Bibi huyo aliona kwamba anayemlisha hutafuna upande mmoja. Akampeleka kwa daktari wake wa meno. Akkamma aliomba jino jeupe. Bibi akakataa, akasema mtu wa nyumbani kwake hapewi kitu cha hivi hivi. Mwezi uliofuata alifariki. Hilo ndilo pambo lake.

Jumapili ya Meza ilifika. Akkamma alivaa ile sari ya msumarini, akaketi mkeka wa kwanza kama kawaida. Nilimwona ana kitu kimefungwa kwenye leso. Pasta Binoy alibariki mkate, akaanza kupitisha sahani upande wetu. Kwa Saramma, aliyekaa mwanzo wa mkeka, akampa. Kwangu, akanipa, na mimi, Mungu anisamehe, nikapokea. Akkamma akamruka na sahani yake, akaelekea kwa anayefuata.

"Pasta, rudi."

Hakupaza sauti. Kwetu wanawake hawasemi wakati wa Meza. Akkamma alifungua leso. Ndani kulikuwa na koleo la kukatia waya, limesuguliwa kwa majivu likasafika. Akainuka, akaliweka juu ya kitambaa cheupe cha Meza, kando ya kikombe, akafungua kinywa.

"Ng'oa."

"Mama, tafadhali..."

"Umesema litoke kabla ya mkate. Mkate ndio huo. Mimi mkono wangu haufiki vizuri. Ng'oa, nile, tuimbe."

Pasta aliangalia koleo, akamwangalia Chackochan. Chackochan alikuwa anakagua paa lake. Na hapo kiapo changu cha miaka arobaini na moja kikanitoka, nikasimama huku nalia.

"Mwenzenu aling'olewa jino hilo mara ya kwanza na baba yake, kwa mpini wa mwavuli, kwa sababu alivua hereni! Nilikuwepo! Alilipoteza kwa kukataa dhahabu, na nyinyi mnataka mling'oe la pili!"

"Pennamma!" Akkamma alinigeukia, macho makali. "Nani kakuuliza? Kaa chini."

Nikakaa. Sijawahi kukaripiwa vile, na sijuti.

"Ni kweli, mama?" Pasta aliuliza. Sauti yake nzuri ilikuwa imemkimbia.

"Kweli au si kweli, haikuhusu. Pengo ni la baba yangu, na nilimsamehe kabla wewe hujazaliwa. Jino ni la bibi wa Kuwaiti. Mkate ni wa Bwana. Wewe cha kwako ni kipi hapo?"

Akkamma aliendelea kusimama mbele ya Pasta, mkono umenyooshwa, kiganja juu. Mkono huo haukuwa unaomba. Sijui ulikaa hivyo muda gani. Niliona tu sahani ikishuka polepole mpaka ikafika usawa wa vidole vyake. Akamega kipande mwenyewe, kikubwa kuliko vyetu.

Koleo lilibaki pale juu ya Meza mpaka ibada ikaisha, maana hapakuwa na mzee aliyethubutu kuligusa. Chackochan alikuwa ameivuta chini mikono ya shati. Pasta Binoy alikuwa amekwisha kushika kikombe, lakini ilibidi angoje, na sisi sote tukangoja naye, kwa sababu Akkamma alikuwa bado anatafuna, taratibu, upande wa kushoto.