Mpishi wa Al-Hamra na Kura 412 za Uingereza

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Bi Mwatima Haidar yuko kwenye ndoo ya tano. Nne zimekwishajaa maji, zimepangwa kando ya jokofu. Madirisha ya jikoni ameyafunga yote, na gunia la mchele amelivuta hadi chini ya meza. Ukimwuliza kuna nini, anakutazama kama wewe ndiye usiyesikia habari. Kuna uchaguzi.

Uchaguzi wenyewe uko Uingereza. Ni wa halmashauri ya wilaya moja ndogo, wanakogombania mambo ya taka na taa za barabarani. Mmoja wa wagombea ni Madam Thornley, mwenye nyumba hii ya Al-Hamra, Jeddah, ambamo Bi Mwatima anapika.

Bi Mwatima ana miaka arobaini na mmoja. Alitoka Unguja mwaka 1964 na watoto wawili na sanduku moja, akaishi Karantina, mtaa wa mabanda hapa Jeddah, miaka tisa, watu watano chumba kimoja. Kwa akina Thornley huu ni mwaka wake wa tatu. Analipwa riali mia saba kwa mwezi na ana chumba chake chenye kiyoyozi, ambacho hukitaja kabla ya mshahara.

Madam akishinda, harudi tena Jeddah. Mumewe atamfuata, nyumba itafungwa, na Bi Mwatima atahangaika kutafuta kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini, kabla ikama, kibali chake cha kuishi nchini, haijamwishia. Tatizo ni kwamba Madam alipokuwa akiondoka mwezi uliopita alimshika mikono yote miwili akamwomba amwombee dua.

"Nikamwombea, kila sala," ananiambia huku akimenya vitunguu. "Ila sikutaja ashinde au ashindwe. Mwenyezi Mungu anaijua ikama yangu."

Habari iliyoleta ndoo ilifika saa moja asubuhi. Bwana Thornley, mhandisi wa bandari aliyejifunza Kiswahili Mombasa, aliingia jikoni akasema Madam amepiga simu: kura zimelingana, 412 kwa 412. Kisha laini ikakatika.

Bi Mwatima akazima jiko. Kwao, mwaka 1961, pande mbili zilikaribiana hivyohivyo, uchaguzi ukarudiwa, na mitaa anayoijua kwa majina ikaona damu. Akafunga geti, ufunguo akautia kifuani.

"Bosi, kura zikilingana watu hukaa ndani," alimwambia.

Mwingereza wa watu akakaa. Alikuwa anakwenda kuogelea. Sasa yuko mezani na kaptura yake ya kuogelea, anakula chapati ya nne kwa kukosa la kufanya.

Saa tano simu inalia tena. Bosi anasikiliza kwa muda mrefu, anacheka kidogo, kisha anaiweka taratibu. Anaeleza kwamba wamehesabu upya na kura zimebaki sawasawa, basi msimamizi akaandika majina mawili kwenye vikaratasi, akavitia kisandukuni na kuchomoa kimoja. Hakikuwa cha Madam. Baadaye Madam na aliyemshinda wamekunywa chai pamoja. Wiki ijayo anarudi Jeddah.

Bi Mwatima anauliza nani ameumia. Anaambiwa hakuna. Anauliza mara ya pili, jibu ni lilelile. Ndipo anapovuta kiti, anakaa, na kulia kweli, mpishi huyu aliyepata alichokitaka.

"Karatasi moja tu, mwanangu," ananiambia, akijifuta kwa kanga. "Ningelitaja ashinde, ingekuwa yake. Mie nimemnyima."

Madam amekwisha kumwambia mumewe kwamba miaka mitatu ijayo atagombea tena. Bi Mwatima naye ameshapanga: safari hiyo atataja ashinde, ikama iwepo isiwepo. Namwuliza kama yeye mwenyewe ana lolote analolitamani. Anawasha jiko, anaiteleka sufuria.

"Nataka nipige kura tena kabla sijafa," anasema. "Hata moja. Lakini iwe mahali ambapo ukishindwa, unarudi nyumbani kwako."