Rangi Niliyoimwaga Mtoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikijaribu kuisahau inarudi yenyewe, na wiki iliyopita wewe na wenzako mmenirudishia tena. Mlikwenda kupiga kambi kwenye msitu wa serikali hapa nje ya Jinja. Mkachoma kuku, mkafungulia muziki mpaka nyani wakahama. Hayo niliyavumilia. Lakini Jumatatu nilipokwenda na wenzangu kufyeka njia, kibao cha kwenye njia panda hakikuwepo. Nilikikuta kwenye majivu yenu, kimebaki kipande chenye herufi mbili. Nilipokuuliza, ukanijibu bila hata kusimama, "Mzee Rajabu, ni ubao tu. Ile njia kila mtu anaijua."

Kila mtu anaijua! Haya, kaa chini. Zima hiyo simu. Hapana, usiigeuze kifudifudi, izime. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana nimechoka kuwasemesha ninyi kwa vipande vipande.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sisi tumekulia Bugembe, hapa karibu na Jinja, kwa babu zetu Wanubi waliokuja na jeshi, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, na Kisoga tulikiokota kwa majirani. Kazi nikaipata Mbale, kwenye msitu wa mlimani. Walikuwa wanafungua njia za wageni na kiwanja cha mahema, na mimi nikaajiriwa kupaka alama. Kila baada ya hatua kadhaa unapaka mstari mweupe kwenye mti, na penye njia panda unapaka mistari miwili upande wa kwenda. Basi. Kazi ya kupaka miti, hata mtoto angeiweza, na mimi ikanishinda.

Aliyetuongoza alikuwa Mzee Mafabi, Mgisu, mtu mfupi asiyepaza sauti. Aliijua milima ile tangu alipokuwa akipanda na mama yake kutafuta malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha na kuyapika na karanga. Alinipa kopo la rangi na brashi akaniambia, "Paka mpaka kwenye maporomoko ya maji. Ukimaliza, niletee kopo."

Siku ya tatu mvua ilinikuta juu. Ilikuwa Ijumaa, na Namatala, nilikopanga chumba, kulikuwa na kibanda cha video ambacho jioni ile kingeonyesha filamu ya karate niliyoingoja wiki nzima. Usicheke. Ninyi mnayo hiyo video mfukoni na bado mnaacha kazi nusu. Nilikuwa nimebakiza kipande cha mwisho chenye njia panda moja. Mkono wa kulia unaelekea kwenye maporomoko. Mkono wa kushoto ni kijia cha watafuta malewa, na kinaishia kwenye korongo lenye mawe ya utelezi. Nikasimama pale nimelowa, nikajiambia, nani atapotea hapa? Sauti ya maji si inasikika upande wa kulia? Mimi niliijua njia. Unasikia? Mimi niliijua.

Rangi ilikuwa imebaki robo kopo. Ningeirudisha, Mzee Mafabi angejua sijamaliza. Nikaimwaga mtoni. Nikatazama maji yakiwa meupe kama maziwa, halafu yakawa maji tu, nikateremka.

Mzee alilipokea kopo, akaligeuza, akaona ni tupu. Akanishika bega. "Umefanya vizuri, na mvua yote hii," akasema. Mwanangu, nimewahi kupigwa na baba yangu kwa mkanda wa jeshi, lakini hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama ile sifa. Hata hivyo nilikwenda kuangalia filamu.

Wiki mbili baadaye walikuja wasichana kumi na mmoja wa shule moja ya Jinja pamoja na mwalimu wao, Mwalimu Kagoya, mwanamke mrefu mwenye kofia ya ukili. Walilala kwenye mahema yetu, na asubuhi wakaondoka kwenda kuona maporomoko. Hawakutaka kiongozi. Mwalimu alisema, "Mmetuambia njia ina alama. Nataka hawa watoto wajifunze kuifuata." Mzee Mafabi akafurahi sana. Akaniangalia mimi kwa fahari, kana kwamba ndimi niliyezaa mlima. Nami nikanyamaza. Ningeweza kusema neno moja tu pale. Nikanyamaza.

Walitakiwa kurudi saa sita mchana. Saa saba ukungu ulishuka mzito, hata hema la jirani ulikuwa huwezi kuliona. Walikuwa hawajarudi. Mzee akatukusanya, watu watano, tukapanda. Kwa kuwa aliamini alama zangu, na ukungu ulikuwa umeificha miti, alituongoza moja kwa moja kulia, mpaka kwenye maporomoko. Hakuna mtu. Akawaza wamevuka mto, tukavuka. Tukatafuta chini ya miamba, tukatafuta kwenye mapango, tukaita mpaka koo zikakauka. Na mimi nilikuwa nyuma yao nikijua, tangu hatua ya kwanza nilijua, kwamba watoto wa watu wamekwenda kushoto. Kila dakika nilijiambia watatokea wenyewe, na nitakuwa sijalazimika kusema. Hivyo ndivyo uoga unavyofanya kazi. Hauji ukasema, "mimi ni uoga." Unakwambia subiri kidogo.

Saa tisa alasiri Mzee Mafabi aliketi juu ya jiwe akashika kichwa. Sikuwahi kumwona ameketi kazini. Ndipo nikasema.

"Mzee, pale njia panda ya mwisho sikupaka."

Akainua uso. "Lakini kopo lilikuwa tupu."

"Rangi niliimwaga."

Nilingoja anipige. Wenzangu nao walingoja, mmoja alikuwa amekunja ngumi tayari. Mzee alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, halafu akasema neno moja.

"Ongoza."

Tulikimbia. Nilianguka mara mbili na hakuna aliyeniinua. Kwenye kijia cha malewa nikaanza kuita kwa nguvu zangu zote, "Mko wapi? Jibuni! Mko wapi?" Hakuna jibu. Tukashuka zaidi, nikaita tena. Kimya. Nikaanza kulia huku naita, maana nilidhani wamekufa.

Mzee akanishika mkono. "Hebu nyamaza. Hawa watoto ni wa Jinja. Sauti ya mwanaume anayefoka kwa Kiswahili msituni, wao wanajua ni nani?"

Sikuwa nimewaza. Kwetu nyumbani Kiswahili ni cha bibi anayekuita chakula. Kwa wale watoto, na kwa wazazi wao hasa, kilikuwa lugha ya askari anayegonga mlango. Nikafuta kamasi, nikaita kwa Kisoga, polepole, kama mtu anayemwita mdogo wake arudi nyumbani. Nikawatajia mwalimu wao kwa jina. Ndipo sauti ndogo ikatujibu kutoka korongoni, chini kabisa, karibu na tulipokuwa tumesimama. Walikuwa wanatusikia wakati wote. Walikuwa wamejificha wasionekane na mimi.

Wa kwanza kutoka alikuwa binti mdogo aliyefunikwa na matope. Aliponiona na koti langu la kijani la kazi, akapiga magoti, akainua mikono juu. "Afande, usitupige," akasema.

Miaka zaidi ya thelathini, mwanangu. Bado naisikia.

Mwalimu Kagoya alikuwa ameteleza kwenye mawe, mguu umevunjika chini ya goti. Wasichana wote walikuwa wamevua sweta zao wakamfunika, wao wenyewe wanatetemeka kwa fulana. Alikuwa na akili timamu. Alikuwa akiwahesabu kwa sauti, mmoja mpaka kumi na mmoja, kisha anaanza upya, ili asizimie. Tulikata mianzi miwili, tukafunga makoti yetu juu yake, tukambeba. Mimi nilishika mbele upande wa kulia na nikakataa kupokewa mpaka tulipofika kwenye mahema, jua likiwa linazama. Lori la mkaa likampeleka hospitali Mbale.

Siku ya pili nilikwenda kumwona, nimebeba maparachichi kwenye mfuko, nimeandaa maneno marefu ya kuomba msamaha. Alikuwa amefungwa plasta mpaka pajani. Alinisikiliza mwanzo tu, akanikatiza.

"Wewe ndiye uliyeacha kupaka?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umeshapaka?"

"Bado."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Nikamnyooshea mfuko wa maparachichi. Akasema, "Kijana, mimi mguu wangu una daktari. Pale njia panda pana nani? Leo ni Jumapili, watu wanapanda. Toka hapa, nenda kapake." Na maparachichi akayachukua, usifikiri aliyaacha.

Nilirudi mlimani mbio. Nikapaka ile njia panda mistari miwili mikubwa, nikaenda kwa Mzee Mafabi kumwambia nimemaliza. Nilidhani nimesamehewa. Asubuhi yake Mzee alikuja na dada yake, Mama Khainza, mwanamke wa makamo anayeuza ndizi sokoni Mbale, ambaye hajawahi kukanyaga njia zetu na wala hakuzitaka.

"Huyu atatangulia," Mzee akasema. "Atafuata alama zako. Wewe utakuwa nyuma yake. Ukifungua mdomo, kazi huna."

Tulianza kupanda. Mama Khainza alinung'unika kuanzia mti wa kwanza, kwamba ameacha ndizi zake ziive kwa ajili ya upuuzi wa wanaume. Kwenye njia panda ya kwanza, ambayo niliipaka tangu zamani na kujisifu nayo, akasimama.

"Sasa mimi naenda wapi? Huku ama huku?"

Nilitaka kuonyesha kwa kidevu. Mzee akakohoa. Mama Khainza akazunguka, akatazama, akachagua njia isiyo yenyewe. Akatembea mpaka kwenye miiba, khanga ikanasa, akageuka na macho makali. Ndipo Mzee akamrudisha, akamwonyesha alama yangu. Ilikuwa juu sana, kwa kimo changu mimi nilivyonyoosha mkono, na nyuma ya tawi.

Mama Khainza akashika kiuno. "Wee bwana," akaniambia, "hii ulimpakia nani? Uliwapakia ndege?"

Njia nzima ilikuwa hivyo. Alama nilizoziona wazi, yeye hakuziona. Mahali nilipodhani hapahitaji kitu, yeye alisimama akauliza. Alipotea mara nne kwenye njia ambayo mimi ningeipita nimefumba macho, na kila alipopotea alinitukana vizuri zaidi. Tulipofika kwenye maporomoko aliyatazama muda mfupi, akasema ni maji mengi, akadai arudishwe sokoni.

Mzee Mafabi akabaki nami. Hapo ndipo aliponiambia maneno ninayotaka uyasikie, na hakuyasema kwa upole. Alikuwa amechoka na mimi kama mimi nilivyochoka na wewe. "Rajabu, wewe njia unaijua. Kwa hiyo kazi hii haikuhusu wewe hata kidogo. Unapaka kwa ajili ya mtu ambaye hutamwona, mgeni, amechoka, mvua inanyesha, na ana watoto nyuma yake. Kama hutaki kumfikiria mtu huyo, rudi Bugembe ukauze mandazi. Na siku nyingine ukikosea, ukimbie kuja kuniambia kabla miguu yako haijapoa. Yule mwalimu alikaa korongoni kwenye baridi kwa saa mbili nzima kwa ajili ya mdomo wako ulioufunga, si kwa ajili ya rangi."

Nikaanza upya kuanzia mti wa kwanza. Ilinichukua siku nne. Kila alama niliipaka nikiwa nimechuchumaa kwanza, kisha nimesimama, kisha nimerudi nyuma hatua ishirini kuangalia kama Mama Khainza angeiona. Mwalimu Kagoya alirudi kufundisha, ila mguu ule ulibaki mfupi kidogo, na alichechemea mpaka anastaafu. Nilikuwa nikimwona mjini Jinja akivuka barabara. Magari yalimngoja, na mimi nilisimama pembeni nikaangalia chini.

Kwa hiyo usiniambie njia kila mtu anaijua. Wewe unaijua. Msitu ule ni wa watu wote, na wengi wao bado hawajafika, wengine hata hawajazaliwa. Ukipewa kazi inayomlinda mtu usiyemjua, ifanye mpaka mwisho, na uikague kwa macho ya huyo mtu. Ukiharibu, sema saa ileile, hata sauti ikitetemeka, hata kama utapigwa. Na ukishasema, usikae kuomboleza ukidhani majuto yako ni kazi. Kwenda kutengeneza ndiyo kazi. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda msituni kurudisha kibao, wewe na wenzako wote, na mbao mtachonga wenyewe.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe mwenye kichwa kigumu. Akupe afya, akupe kazi ya halali, akupe wazee watakaokuvumilia kuliko ninavyokuvumilia mimi. Na kokote utakakopotea maishani, akukutanishe na alama iliyowekwa na mtu ambaye hakukujua, lakini alikufikiria. Amina.