Waimbaji wa Mazishi ya Nigel

"Bi Enid, ni kweli yule aliyekutwa amekufa kwenye kibanda cha basi ni Nigel wako?"

Muriel, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeuliza, ameshika shuka lililolowa uani. Enid akaitikia kwa kichwa. Pombe ilikuwa imemmaliza mwanawe, na mtaa mzima ulijua.

"Isingekuwa neema ya Mungu, ningekuwa mimi," Muriel akasema, akaingia ndani.

Maneno hayo Enid aliyakuta kwa babu yake. Mzee yule alikuwa akimwona mlevi kaanguka, anavua kofia, anayasema, kisha anainama kumwinua. Siku hizi yamejaa kila mahali kama mvua ya kwao isiyokatika. Wiki ile aliyasikia posta, akayasikia kwa daktari, na Derek muuza nyama akayasema huku anafunga soseji.

"Wewe Derek, kanisani umeingia lini mara ya mwisho?"

"Nilipomzika mama mkwe. Nilitaka kuhakikisha."

Enid alicheka kidogo, akachukua soseji zake.

Mchungaji alikuwa amemuuliza nani ataimba. Wasipopatikana watu, alisema kwa upole, wangefungulia wimbo kwenye mashine. Enid hakulala vizuri tena. Mumewe alizikwa kwa sauti za kanisa zima, mpaka vioo vikatetemeka. Na Nigel, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na sauti ya kwanza kwenye kwaya ya watoto. Leo azikwe na mashine?

Alingoja majirani wabishe hodi. Mapazia yalikuwa yakisogea, milango haikufunguka. Mtaani kwao ni adabu kumwacha mfiwa peke yake, na yeye mwenyewe aliwahi kuwafanyia wenzake hivyo hivyo, akidhani ni wema. Hata sahani ya keki huachwa kizingitini, mletaji akaondoka kwa kunyata.

Jumanne akavaa koti, akamwomba Mungu ampe ulimi, akagonga kwa Muriel.

"Tuliona tusikusumbue, mpenzi," Muriel akasema, ameushikilia mlango nusu. "Lakini kila nikikukumbuka nasema, isingekuwa neema ya—"

"Najua unasema." Enid alimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi kama wake. "Njoo mazishini Alhamisi saa tano uimbe, Muriel. Hata kama wimbo huujui."