Maneno ya Kujazia Nafasi

Mjomba wangu anatengeneza tovuti. Ukimuuliza jirani yeyote kazi yake, atakwambia "anakaa na kompyuta," kama vile kompyuta ni mgonjwa. Tunaishi watatu, mimi, yeye na bibi, ambaye ndiye mama yake, na chumba chake ndicho pekee chenye dirisha linalofungika vizuri. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo ninachokijua kuhusu kazi hiyo nimekijua kwa kukaa karibu na kunyamaza. Ukinyamaza sana, wenye maneno husahau kwamba upo.

Alianzia kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Alikuwa anawachapia watu barua za kuomba kazi, na yeye mwenyewe kazi ya maana hana. Siku moja mwenye duka la magodoro akamletea tangazo, akataka aliingize mtandaoni. Mjomba hakujua linaingizwaje. Akamwambia, "Njoo Ijumaa." Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa akawa anafungua tovuti za watu na kuchungulia maandishi yao ya ndani, yale ambayo kompyuta inayasoma na sisi hatuyaoni. Ijumaa ilipofika magodoro yalionekana mtandaoni kweli, yote yamesimama wima kama milango. Mwenye duka akasema hivyo hivyo yanapendeza.

Toka hapo hakurudi nyuma. Alichukuliwa na ofisi moja ndogo iliyo juu ya duka la dawa, yenye meza tano na feni moja inayolia. Miaka sita alikuwa yeye tu anayejua. Bosi alimwita Mkongwe, ingawa hata mvi hana.

Alikuwa na mazoea mawili ya kazi. La kwanza, ukurasa haujakamilika mpaka bibi aujaribu kwenye simu yake yenye ufa. "Mama, hebu nitafutie hapo bei ya tairi." Bibi anavaa miwani, anabonyeza, anakunja uso. Akisema tu, "Sasa hapa nakwenda wapi?" mjomba anachukua laptopu yake, anarudi chumbani bila ubishi. Nani atabishana na bibi?

La pili, hakuacha nafasi tupu. Ukurasa usio na maneno unadanganya, anasema, huwezi kujua utakaaje. Kwa hiyo kabla mwenye tovuti hajaleta maneno yake, mjomba alijazia lolote lililokuwa moyoni mwake siku hiyo, halafu baadaye analifuta. Niliwahi kusoma kwenye tovuti ya duka la viatu, chini ya picha ya buti: "Viazi vimeungua tena leo na hakuna anayekiri." Aliyeunguza ni mimi. Sikukiri.

Basi, akaja Kifaranga.

Jina hilo alimpa mjomba mwenyewe. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, amekuja ofisini kujifunza, na kila mjomba alipoinuka yeye yuko nyuma yake na daftari. Miezi minane alimfundisha. Kifaranga alimwita Mwalimu. Mwanzoni mjomba alikuwa akirudi nyumbani anatusimulia makosa yake, tunacheka. Halafu akaacha kusimulia. Halafu akaanza tena, lakini hapo ikawa ni mashitaka.

"Leo wamempigia makofi," alisema siku moja, hata viatu hajavua. "Kwa kitufe, Mama! Kitufe!"

"Kina nini hicho kitufe?" bibi akauliza.

"Kinabadilika rangi ukikigusa."

"Si vizuri?"

"Mama, nyuma ya kitufe kile kuna kazi yangu ya wiki tatu. Mtu akikibonyeza, ninayekimbia huko ndani ni mimi. Yeye kapaka rangi mlango tu."

"Basi na wewe paka."

Mjomba akamtazama mama yake kama aliyeuzwa.

Wivu ulimkaa mwilini. Alirudi amenuna, anakula amenuna. Alijua Kifaranga kavaa nini, kaingia saa ngapi, kacheka na nani. "Leo Bosi kasimama nyuma ya kiti chake mara tatu. Kwangu kasimama mara moja, na alikuwa anatafuta chaja." Kisha Bosi akatangaza kwamba atachagua mkuu wa mafundi wote. Kazi ya kupimia ingekuwa tovuti ya zahanati, ile ambayo bibi hupimiwa presha. Wawili hao wangeitengeneza pamoja, na atakayefanya vizuri zaidi ndiye angepewa cheo na meza ya dirishani. Sijawahi kumwona mjomba akitaka kitu namna ile. Hata kuoa hakutaka hivyo.

Kilichomkata maini zaidi kilitokea hapa nyumbani. Kifaranga alikuja Jumamosi moja asubuhi, akavua viatu mlangoni, kisha akapiga magoti mbele ya bibi.

"Shikamoo bibi. Mwalimu alinifundisha kwamba ukurasa usipoupitisha wewe, haujapita."

Akampa simu yenye ukurasa wa kuweka miadi ya daktari. Bibi akabonyeza, akabonyeza, akacheka peke yake. Hakuuliza swali hata moja. "Huyu binti ananishika mkono," akasema. "Sijapotea popote."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini alikinywa.

Mgeni alipoondoka, mjomba alikaa kwenye laptopu yake, akaanza kutengeneza ukurasa wa wafanyakazi wa zahanati. Kila mfanyakazi alikuwa na picha, na chini yake nafasi ya maelezo. Nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mchele. Alichapa kwa nguvu mpaka meza inatikisika. Mimi husoma polepole, lakini nilimaliza, kwani chini ya kila picha yalikuwa yaleyale:

"Alipokuja hakujua lolote. Nilimfundisha kila kitu kwa mkono wangu. Leo yeye ndiye anasifiwa, na mimi nimewekwa pembeni kama ufagio."

"Mjomba," nikasema, "hayo utayafuta?"

"Yote hufutwa. Ni ya kujazia nafasi tu."

Na kweli aliyafuta. Wauguzi walileta maelezo yao mmoja mmoja, naye akawa anaweka haya anatoa yale. Aliyebaki ni mmoja tu, muuguzi mpya, ambaye alikuwa likizo. Siku moja kabla ya tovuti kufunguliwa, Kifaranga alimpigia mjomba simu, akauliza kama bibi ameuona ukurasa huo. Nilimsikia mjomba akijibu kwa sauti ya mkato, "Ndiyo. Bibi ameshaujaribu wote." Bibi alikuwa hapo hapo sebuleni, anashona kifungo, simu yake imelala mapajani. Hakuwa ameonyeshwa hata herufi. Mjomba hakutaka kusikia tena nani anashika mkono kuliko nani.

Siku ya kufungua tulikwenda zahanati asubuhi, mimi nikimsindikiza bibi. Ukumbi wa kusubiria ulijaa. Walikuwa wameelekeza projekta ukutani, juu ya mzani wa watoto. Bosi alivaa tai. Kifaranga ndiye aliyeshika kompyuta, na mjomba alisimama karibu na dirisha, anatazama mikono ya Kifaranga.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka muuguzi mpya, aliyerudi siku hiyo hiyo, akasema kwa aibu, "Na mimi nimo?"

"Umo, dada," Kifaranga akasema, akabonyeza.

Sura yake ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Chini yake yale maneno. Mzee mmoja aliyekuwa na plasta mkononi akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye ufagio.

Muuguzi mpya akamgeukia muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyemfundisha kazi.

"Mama, umeniandika hivi?"

"Mimi? Sijaandika," akasema muuguzi mkuu. Lakini aliinamisha uso haraka, kama mtu aliyepekuliwa mfukoni na kitu kikaonekana. Nadhani hakuyaandika. Nadhani alikuwa nayo tu moyoni.

Kifaranga alitazama ukuta, kisha akamtazama mjomba mara moja. Alikuwa anayajua mazoea yake kuliko mtu yeyote pale. Akafunga ukurasa. "Samahanini sana. Hayo ni maneno ya kujazia nafasi, tumesahau kuyatoa. Ni kosa letu."

Ingeishia hapo. Lakini bibi akanong'ona, na bibi hajui kunong'ona: "Mbona mimi huu sikuonyeshwa?"

Bosi akageuka. "Mkongwe, bibi hakuujaribu?"

Mjomba angeweza kusema bibi amesahau. Wazee husahau, nani angebisha? Lakini muuguzi mpya alikuwa ameanza kulia, na muuguzi mkuu anapapasa vifungo vya sare yake bila kujua aende wapi.

"Hakuujaribu," mjomba akasema. "Na maneno ni yangu. Mama muuguzi hayamhusu. Wala dada huyu sikumsema yeye."

"Ulimsema nani?" Bosi akauliza.

Macho yake yalikwenda yenyewe, na watu wote tukayafuata mpaka kwa Kifaranga.

Jumatatu Kifaranga alipewa cheo na meza ya dirishani.

Nilidhani mjomba atapona. Wapi! "Angenichongea kwa Bosi ningemchukia kwa raha zangu," alimwambia bibi. "Kasema 'letu.' Letu! Sasa nimshikie wapi?"

"Acha kumshika," bibi akasema.

Siku hizi nafasi tupu anazijazia maneno manne, yaleyale kila ukurasa: "Hapa patakuja maneno baadaye." Hakuna viazi, hakuna mtu. Kifaranga bado huja Jumamosi na kurasa zake, anamwita Mwalimu, anaomba ruhusa, bibi anabonyeza na kucheka. Mjomba hujifanya anatafuta soksi.

Jumamosi iliyopita mgeni alipotoka tu, mjomba aliichukua simu ya bibi, akakaa nayo dirishani. Alipekua ukurasa ule kama anayetafuta chawa. Ghafla akaruka.

"Ahaa! Kitufe cha kurudi kimebanwa mno pembeni! Kidole kinene hakikipati!"

"Changu kimekipata," bibi akasema.

"Chako chembamba, Mama."

Akamwandikia Kifaranga papo hapo, kisha akaanza kupiga mluzi. Alicheka na mimi, akaniuliza kama nimekula. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijauona hivyo kwa miezi. Simu ikalia. Akasoma kwa sauti: "Asante sana Mwalimu. Nimesharekebisha."

Mluzi ukakatika.

"Ameshare... saa hizi hizi?" Akafungua ukurasa tena. Kitufe kilikuwa kimesogea, kimekaa mahali pake kabisa. Akakibonyeza mara tatu, na mara zote tatu kikamrudisha.

Akavuta kiti karibu zaidi na mwanga, akaanza kutafuta kingine.